Tathmini ya Huduma: Upasuaji wa Utumbo Ulioziba kwa Mtoto wa Miezi Saba, Nyanda za Juu Kusini

Tathmini hii inahusu huduma moja tu: namna hospitali moja ya rufaa katika Nyanda za Juu Kusini ilivyompokea, ilivyomchunguza na ilivyompasua mtoto wa mdogo wangu, mwenye umri wa miezi saba, ambaye utumbo wake ulikuwa umeziba kwa sehemu moja kuingia ndani ya nyingine. Jina la hospitali naliacha kwa makusudi, kwa kuwa mtoto ana haki ya siri ya matibabu yake, na kwa kuwa mapungufu nitakayoyataja si ya hospitali ile peke yake. Nawaandikia hasa wazazi wa Rungwe, Kyela, Ileje, Mbozi, Makete na kwingineko ambako daktari wa kumpasua mtoto mdogo yuko mbali, na ambako mzazi hulazimika kuamua usiku, akiwa na taarifa chache, kama aondoke au angoje kukuche.

Hukumu yangu naitanguliza. Kazi iliyofanyika ndani ya chumba cha upasuaji ilikuwa nzuri sana, na maandalizi yaliyoitangulia yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Uchunguzi ulicheleweshwa na kukosekana kwa mtaalamu wa ultrasaundi usiku. Ufuatiliaji baada ya kuruhusiwa ni dhaifu. Hata hivyo, huduma ya namna hii haiwezi kupimwa kuanzia getini mwa hospitali, kwa sababu ugonjwa wenyewe huanza kuhesabu saa zake nyumbani, na saa nyingi zaidi hupotea kabla mtoto hajafika kwa mtu wa kumpasua.

Mtoto alianza kulia ghafla, kilio kikali cha kujikunja na kuvuta miguu tumboni, kisha akanyamaza kabisa kana kwamba hana tatizo lolote, na baada ya muda kilio kikarudi vilevile. Kupokezana huko kwa maumivu na ukimya ndiko kulikowachanganya watu wa nyumbani, maana kila aliponyamaza walidhani ameponyeka. Majirani walisema ni chango, na dawa ya mizizi ikaletwa. Mama yake hakumpa, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu tumbo lililoziba halihitaji kuongezewa chochote kwa mdomo. Baadaye mtoto akaanza kutapika, mwanzo maziwa, kisha maji ya kijani. Hapa kwetu mtu anapotapika nyongo, mawazo yote huenda kwenye malaria, na ndivyo ilivyokuwa katika zahanati ya kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vijidudu, lakini kwa kuwa choo kilikuwa kimeanza kuwa na damu na ute, ikaandikwa kwamba ni kuhara damu, akapewa dawa ya vijidudu vya tumboni pamoja na maji ya chumvi na sukari ya kunywesha, tukarudishwa nyumbani.

Simlaumu tabibu yule kwa ukali, kwa sababu damu na ute vinafanana na vile vya kuhara damu, na wagonjwa wa kuhara anaowaona ni wengi mno ukilinganisha na walioziba utumbo. Lakini tofauti zipo, na ninaziweka hapa kama nilivyoelezwa na daktari wa upasuaji, kwa kuwa hiki ndicho kipande cha huduma kilichokosekana. Mtoto mwenye kuhara damu huenda choo mara nyingi na kwa kawaida huwa na homa tangu mapema; mtoto ambaye utumbo wake umeingia ndani ya utumbo hulia kwa vipindi, hutapika kwanza, na damu humtoka baadaye, ikiwa imechanganyika na ute mzito mwekundu. Katikati ya vipindi vya maumivu huanza kulegea, akatazama bila kushughulika na mtu. Wakati mwingine mkono wa mchunguzi huhisi uvimbe kama soseji upande wa kulia wa tumbo au juu ya kitovu. Dalili zote hizo kuwepo kwa pamoja ni jambo la watoto wachache tu, na anayezingoja zikamilike huchelewa. Zaidi ya yote, matapishi ya kijani kwa mtoto mdogo yahesabiwe kuwa ni dharura ya upasuaji mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyongo humwagwa kwenye utumbo mwanzoni kabisa, chini kidogo ya tumbo la chakula. Ikirudi juu kwa wingi, maana yake mara nyingi ni kwamba njia ya kwenda chini imefungwa.

Kwa kweli ningetamani sentensi hiyo ya matapishi ya kijani ibandikwe ukutani katika kila zahanati, kando ya ratiba ya chanjo.

Tulipanda kuelekea Uyole, Mbeya, usiku kwa gari la kukodi, mtoto akiwa amefungwa mablanketi, na jambo la kwanza ninaloisifia hospitali ni mapokezi ya dharura. Muuguzi aliyetupokea aliuliza maswali matatu tu: anatapika rangi gani, mara ya mwisho kupata choo ni lini, mara ya mwisho kukojoa ni lini. Majibu yalipotoka, hakutupeleka kwenye foleni ya kadi. Daktari wa zamu aliitwa, na kabla ya mazungumzo ya fedha au ya bima kuanza, mtoto alikuwa tayari amewekewa sindano ya mshipani, ingawa mishipa ilikuwa imejificha kwa upungufu wa maji na ilibidi wajaribu mkononi, mguuni na hatimaye kichwani.

Sehemu iliyofuata ndiyo inayowaudhi ndugu wengi, nasi tuliudhika mwanzoni: hawakumkimbiza kwenye upasuaji. Walimpa dripu ya Ringer, yaani maji yenye chumvi za mwilini, kwa haraka, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, na kwa kuwa alikuwa na kilo 8 hiyo ilikuwa mililita 160, kisha wakampima tena mapigo ya moyo na kuminya ngozi ya kifua kuona damu inarudi kwa muda gani, ndipo wakaamua kumwongezea. Walimpitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, na maji ya kijani yakaanza kutoka kwenye mfuko. Walimwekea mpira wa mkojo, wakisema wanataka kuona walau mililita 1 kwa kila kilo kwa saa kabla ya kumlaza usingizi. Walimpa dawa za kuua vijidudu kupitia mshipa, wakachukua damu kwa ajili ya wingi wa damu, kundi lake na chumvi za mwilini. Kisha wakamkataza mama yake kumnyonyesha.

Katazo hilo la mwisho ni gumu kwa mama kuliko sindano zote. Mtoto analia, ziwa limejaa, na watu wanakuambia usimpe. Muuguzi wa wodi hakulitoa kama amri. Alikaa kitandani na mdogo wangu, akamwambia: "Mama, tumbo lake sasa limefungwa kwa chini. Kila utakachompa kitarudi juu, na akiwa usingizini kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kamua maziwa, tutayahifadhi, atayahitaji." Akamletea kikombe safi. Nimeona huduma nyingi za afya katika mikoa yetu ambazo ujuzi upo lakini maelezo hayapo, na mgonjwa hutii kwa hofu au hukaidi kwa kutokujua. Hapa maelezo yalikuwepo, na yalitolewa kwa upole unaostahili kutajwa.

Daktari wa upasuaji alipofika alituonyesha kwa nini saa zile za dripu hazikuwa za kupoteza. Utumbo ulioziba hunyonya maji ya mwili na kuyarundika ndani yake, damu hupungua nguvu, na mtoto mkavu akipewa dawa za usingizi, moyo wake unaweza kusimama mezani kabla kisu hakijamgusa. Alisema kwamba katika upasuaji wa watoto wadogo wengi wanaopotea hawapotei kwa sababu ya mkono wa daktari, hupotea kwa sababu walifika wakavu, wa baridi na wenye sumu ya vijidudu kwenye damu. Kisha akaeleza ugonjwa wenyewe kwa kuvuta mkono wa sweta yake aliyokuwa ameivaa juu ya sare, akausukuma ukingo kuingia ndani ya mkono uleule: utumbo mwembamba wa mwisho umeingia ndani ya utumbo mpana, umevuta pamoja nao mishipa ya damu, mishipa imebanwa, na kinachobanwa huvimba, hutoa ute na damu, na hatimaye hufa. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi mitatu na miaka miwili, wavulana zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi hakuna kosa lolote la mzazi; tezi ndogo za ukuta wa utumbo huvimba baada ya mafua au kuhara, na uvimbe huo hukokotwa mbele na msukumo wa kawaida wa utumbo.

Sasa nifike kwenye udhaifu wa kwanza. Kipimo kinachofaa zaidi kwa ugonjwa huu ni ultrasaundi. Hakimchomi mtoto wala hakina mionzi, na mtaalamu mzoefu huona utumbo ndani ya utumbo kama duara ndani ya duara karibu bila kukosea. Mashine ilikuwepo. Mtu wa kuitumia usiku hakuwepo. Ikabidi kutegemea eksirei ya tumbo, ambayo ilionyesha utumbo uliojaa hewa na mistari ya maji kwa ngazi, ushahidi kwamba kuna kuziba, lakini haikuweza kusema ni kuziba kwa namna gani. Daktari alipima kwa mkono wake, akapitisha kidole njia ya haja kubwa, kikatoka na damu ya ute, na kwa mtu wa uzoefu wake hiyo ilitosha kujua. Lakini uzoefu wa mtu mmoja si mfumo. Mtaalamu wa ultrasaundi alifika kulipopambazuka, akathibitisha kwa dakika chache kile kilichokuwa kimeshukiwa tangu usiku. Hospitali inayopokea rufaa za mikoa kadhaa inapaswa ama kuwa na mtu huyo zamu ya usiku, ama kuwafundisha madaktari wa dharura kutafuta ile duara, jambo linalofundishika.

Udhaifu wa pili unahusiana na huo, na nimeufikiria kwa muda mrefu. Ugonjwa huu si lazima utibiwe kwa kisu kila mara. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alichapisha mwaka 1876 taarifa ya watoto aliowatibu kwa kusukuma maji kupitia njia ya haja kubwa mpaka utumbo ukarudi mahali pake, na leo katika nchi zenye uwezo hewa au maji ya chumvi, yakiongozwa na ultrasaundi au mionzi, huwaponya watoto wengi kati ya wanaopelekwa mapema, bila kovu lolote. Kwetu njia hiyo haikutolewa. Nilipouliza, daktari hakunificha wala hakuonyesha kukerwa: alisema njia ile inamfaa mtoto ambaye tumbo halijakakamaa, hana dalili za utumbo kutoboka na amerudishiwa maji, na ni lazima chumba cha upasuaji kiwe tayari kando kwa ajili ya dharura; lakini huyu wetu alikuwa amekaa na ugonjwa muda mrefu, tumbo limejaa, na vifaa vya kudhibiti msukumo havikuwepo. Nakubali kwamba kwa mtoto huyu uamuzi ulikuwa sahihi. Nasikitika tu nikifikiri kwamba hata kama tungefika mapema, njia isiyo na kisu isingekuwepo, ilhali inachohitaji zaidi ni mafunzo, mpira, chombo cha maji kilichoinuliwa kwa kipimo na mtu wa ultrasaundi. Fedha inayohitajika ni ndogo kuliko ya mashine nyingi nilizoziona zimefunikwa kwa nailoni.

Kuhusu ridhaa ya upasuaji nina neno fupi la pongezi. Baba wa mtoto alikuwa Tunduma kwenye biashara, na baadhi ya ndugu upande wa baba walitaka asubiriwe. Daktari alizungumza naye kwa simu, akamwita mama yake mtoto kwa heshima, akamweleza kwamba saini yake inatosha, akamtajia pia mambo ambayo wengine huyakwepa: kwamba huenda kipande cha utumbo kikakatwa, kwamba huenda damu ikahitajika, kwamba mtoto anaweza kufa. Mimi aliniita mama mkubwa, akaniomba nikae na mdogo wangu wakati akisoma fomu. Hakumharakisha.

Upasuaji ulifanyika asubuhi ileile. Mtaalamu wa usingizi alikuwa mzoefu wa watoto, na hilo ni jambo la kuuliza mahali popote mtakapompeleka mwanenu, kwa kuwa nusukaputi ya mtoto wa kilo 8 si ya mtu mzima iliyopunguzwa. Kilichonigusa zaidi ni vita dhidi ya baridi. Msimu ule ilikuwa ni baridi ya Juni ambayo kila mkazi wa nyanda hizi anaijua, na mtoto akipoteza joto mezani, damu yake huacha kuganda vizuri na moyo hulegea. Walikuwa wamepasha chumba joto mapema, wamemvika kofia, wamemfunga miguu kwa pamba, na dripu yenyewe wameipasha. Muuguzi alisema wamezoea, kwa kuwa hawana mablanketi ya umeme ya kutosha. Ningependa wayapate, lakini mtoto alitoka chumbani akiwa na joto la kawaida.

Baada ya hapo daktari alitueleza alichokifanya, na nimeyaandika kwa sababu maelezo ya namna hii wazazi hawayapati mara nyingi. Alipasua kwa mlalo upande wa kulia, juu kidogo ya usawa wa kitovu. Utumbo uliokuwa umeingia alikuta umefika katikati ya utumbo mpana. Hakuuvuta, alisema kuuvuta huuchana. Aliuminya taratibu kutoka chini, akiusukuma urudi ulikotoka, kidogo kidogo, mpaka kipande cha mwisho, ambacho ndicho huwa kigumu kuliko vyote kwa sababu ya uvimbe, kikaachia. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya zambarau iliyoelekea weusi. Hapo wakaweka vitambaa vya maji ya chumvi ya uvuguvugu juu yake, wakasubiri. Kusubiri huko ndiko kunakoamua kama kipande kitakatwa au kitabaki: rangi ikirudi kuwa nyekundu, mishipa ikipiga na utumbo ukijisogeza unapoguswa, uko hai. Rangi ilirudi. Hawakukata chochote. Akakagua pia utumbo wote uliobaki, kama kuna kivimbe au kifuko kilichouanzisha ugonjwa, hakukuta. Daktari wa kwanza kufanikiwa kumwokoa mtoto kwa upasuaji wa namna hii ni Jonathan Hutchinson wa London, mwaka 1871, na mgonjwa wake alikuwa mtoto wa miaka miwili. Msingi wa kazi haujabadilika tangu wakati huo, kilichobadilika ni dripu, usingizi, dawa na damu, yaani vile vitu vya pembeni ambavyo bila hivyo mkono wa daktari haufiki mbali.

Wodini, dawa za maumivu zilitolewa kwa saa zake bila kungoja mtoto alie, na hilo si la kawaida mahali pengi. Tuliambiwa tuangalie rangi ya maji kwenye mfuko wa mpira wa puani: yakipungua na kuacha ukijani, na mtoto akitoa hewa, tumbo limeamka. Siku alipotoa hewa kwa mara ya kwanza wauguzi walifurahi kama sisi. Akaanzishiwa maziwa ya mama kwa kijiko, kisha akarudishwa ziwani. Chakula cha wodi kwa akina mama kilikuwa haba, na mahali pa kulala waangalizi ni sakafu ya baridi. Hilo nalitaja kwa haraka kwa sababu kila mtu aliyewahi kuuguza analijua.

Nisingetenda haki kama ningeipima huduma hii kwa mtoto wetu tu, maana yeye alikuwa na tatizo linalokwisha kwa upasuaji mmoja. Vitanda vilivyotuzunguka vilikuwa na watoto wenye safari ndefu zaidi. Alikuwepo aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa, na mwingine ambaye choo cha kwanza kilichelewa kupita siku mbili baada ya kuzaliwa, tumbo likawa linavimba tangu hapo. Huyo wa pili ana ugonjwa unaoitwa kwa jina la yuleyule Hirschsprung, aliyeuelezea mwaka 1886: sehemu ya mwisho ya utumbo haina seli za neva, kwa hiyo hailegei, na choo hukwama juu yake. Mtoto mwenye afya aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake tumboni kwa kawaida hupata choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 24. Asipopata ndani ya saa 48, mzazi asikubali kuruhusiwa kutoka wodi ya wazazi bila kuangaliwa, na kila mtoto anayezaliwa akaguliwe kwa macho kama tundu lipo, jambo linalochukua sekunde chache na bado huachwa.

Watoto hao wawili walikuwa wametolewa utumbo tumboni ili choo kipite hapo kwa muda, mpaka wakue na kufanyiwa upasuaji wa kurekebisha. Upasuaji huo wa kwanza hospitali ile inauweza vizuri. Kinachofuata ndicho kinachonifanya nipunguze alama zangu. Mifuko ya kukingia choo haipatikani kwa uhakika, ikipatikana ni ya gharama, na akina mama wanafunga vitambaa; ngozi ya mtoto inababuka, harufu inawafanya wajitenge, wengine wanaachwa na waume zao wakiambiwa wamezaa laana. Mama mmoja kutoka upande wa Songwe alinionyesha jinsi anavyokata kanga ya zamani vipande, anavyopaka mafuta ya mgando pembeni ya tundu, na anavyobadilisha kabla hakijalowa. Alijifunza kwa mama mwenzake, hakuna mtumishi aliyemfundisha. Hospitali inaweza kuanzisha saa moja kwa wiki ya kuwafundisha akina mama hawa, na akina mama wenyewe wako tayari kuwa walimu.

Kuhusu gharama, sera ya nchi inamsamehe mtoto wa chini ya miaka mitano malipo katika vituo vya umma, na kadi ya kumwona daktari, kitanda na upasuaji wenyewe havikulipiwa. Lakini baadhi ya dawa na vifaa tuliagizwa kununua nje, kwa sababu dirisha la dawa halikuwa navyo, na damu ndugu walitakiwa kuchangia. Nauli na chakula cha waangalizi vilizidi kila kitu kingine. Wanaotoka mbali wajipange kwa hilo kuliko kwa ada. Wenye watoto wachanga kabisa, wa siku 28 za mwanzo, waulize kituoni kuhusu usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, ambao umewekwa kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga; mtoto wetu alikwisha kupita umri huo.

Kuna jambo jingine ambalo daktari alilishughulikia vizuri, nami nalirudia kwa sababu lina madhara likiachwa. Shangazi yake mtoto aliuliza kama si chanjo ya matone ya kuzuia kuhara iliyosababisha haya. Swali lile lina asili yake: chanjo moja ya zamani ya rotavirusi, RotaShield, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1999 kwa sababu iliongeza hatari ya utumbo kuingia ndani ya utumbo. Chanjo inayotumika kwetu ni nyingine, hutolewa kwa matone katika wiki ya 6 na ya 10, na utafiti uliofanywa katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2018, haukukuta ongezeko la hatari baada ya chanjo hiyo. Mtoto wetu aliugua muda mrefu baada ya dozi yake ya mwisho. Daktari alimjibu shangazi bila kumdharau, na nafikiri ndiyo sababu shangazi alikubali.

Mwisho ni kuruhusiwa. Tulipewa karatasi yenye jina la ugonjwa, jina la upasuaji, dawa na tarehe ya kurudi kliniki kuangaliwa kidonda. Kwa mdomo tuliambiwa kwamba tatizo linaweza kujirudia kwa watoto wachache, na kwamba mtoto aliyepasuliwa tumbo anaweza, hata baada ya miaka, kuziba tena kwa sababu ya nyuzi za makovu zinazoshikamana ndani. Akitapika kijani tena, asipelekwe kwanza kununuliwa dawa dukani, arudishwe hospitalini, na anayempokea aonyeshwe kovu. Maneno hayo muhimu hayakuandikwa popote kwenye karatasi, na karatasi haikuwa na namba ya simu ya wodi. Tuliomba namba, muuguzi wa zamu akatuandikia yake binafsi nyuma ya kadi ya kliniki. Wema wake naushukuru, lakini namba ya wodi ndiyo iliyopaswa kuwepo, ikiwa imechapwa, ili itumike hata usiku ambao muuguzi huyo hayupo kazini, na ili tabibu wa zahanati ya kijijini naye aweze kuipiga kabla hajaandika kuhara damu.